Huna friji? Jinsi ya kutunza insulini isiharibike kwa joto la Dodoma

Saa nane mchana mwezi Oktoba, chumba chenye paa la bati lisilo na dari kinaweza kuwa na joto kuliko nje kwenyewe. Kwa mtu mwenye kisukari anayechoma insulini, hapo ndipo swali linapoanza: chupa ya dawa iwekwe wapi?

Kwa wakazi wa mjini wenye umeme jibu linaonekana rahisi, friji. Lakini kwa familia nyingi za Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa au Manyoni friji haipo. Hata wenye friji wapo wanaoharibu dawa bila kujua, kwa kuiweka sehemu isiyofaa.

Yafuatayo ni mambo ya msingi ya kufahamu.

Kwa nini insulini inaharibika?

Insulini ni homoni. Mwili wa mtu mzima wa afya huitengeneza wenyewe kwenye kongosho, na kazi yake ni kuiruhusu sukari iliyo kwenye damu iingie kwenye chembe za mwili. Ilianza kutumika kwa mgonjwa mwaka 1922 huko Toronto, Kanada. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hakuwa na muda mrefu wa kuishi.

Insulini ni protini, kama ute wa yai. Ute ukipashwa moto hubadilika na haurudi tena kuwa kama mwanzo. Insulini nayo ikikaa kwenye joto kali, jua au baridi ya kugandisha, umbo lake huvurugika na nguvu yake kupungua. Ndiyo maana haimezwi kama kidonge: tumbo lingeisaga kama chakula kingine.

Kanuni mbili za joto

Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikikaa hapo inadumu hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye boksi.

Chupa iliyokwisha kufunguliwa na inayotumika kila siku haihitaji friji. Inaweza kukaa nje, mahali penye kivuli na joto lisilozidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina yake, kwa takribani wiki 4. Zipo zinazoruhusiwa hadi wiki 6. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo inayosema, hivyo usiitupe.

Siku unapofungua chupa, andika tarehe kwa peni kwenye lebo. Ni jambo dogo, lakini wengi hawalifanyi.

Hesabu inayowasumbua wazazi

Chupa ya kawaida ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtoto anayechoma yuniti 15 kwa siku atatumia yuniti 420 tu ndani ya siku 28. Zaidi ya nusu ya chupa inabaki, na muda wake umeisha.

Mzazi aliyehangaika kuipata chupa hiyo hataki kuitupa, na inaeleweka. Hata hivyo dawa hiyo ikiendelea kutumika kwa miezi miwili kwenye chumba cha joto, nguvu yake haina uhakika tena. Muulize daktari au mfamasia kama zipo kalamu au katriji za mililita 3. Hizo zina yuniti 300, na kwa dozi hiyo zinaisha ndani ya siku 20.

Kama una friji

Dodoma haina baridi ya kugandisha dawa. Hata Juni na Julai, usiku wa baridi huwa bado uko juu sana ya sifuri. Insulini ikiganda hapa, imegandia ndani ya friji.

- Weka kwenye rafu ya katikati au chini karibu na mboga. Usiiweke kwenye friza wala kuigusisha na ukuta wa nyuma unaotoa barafu.
- Friji ndogo za mlango mmoja zenye kisanduku cha barafu juu ndizo hatari zaidi. Usiweke dawa chini yake moja kwa moja.
- Mlangoni si pazuri, kwa sababu joto hubadilika kila unapofungua.
- Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikibaki imefungwa hukaa na ubaridi kwa takribani saa 4.
- Kama unaomba kuhifadhiwa dawa dukani kwa jirani, mweleze waziwazi isiwekwe na soda za barafu wala kwenye friza. Yeye anaweza kudhani anakusaidia zaidi akiigandisha.

Insulini iliyoganda, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kabisa, haifai. Itupe.

Kama huna friji: chungu kinafanya kazi

Ukanda wa kati una bahati moja. Hewa yake ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia Mei hadi Novemba. Hewa kavu hukausha maji haraka, na maji yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo sababu maji ya mtungi huwa baridi hata mchana wa jua kali. Bibi zetu walilijua hilo kabla ya friji kufika.

Njia hii ilipata sifa zaidi pale Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, aliposambaza vyungu viwili vyenye mchanga mbichi katikati kwa ajili ya kutunza mboga. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Namna ya kutengeneza ni hii:

1. Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi wala vanishi, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubaki nafasi ya vidole viwili hivi.
2. Jaza mchanga kwenye nafasi hiyo, kisha mimina maji hadi mchanga uloe.
3. Weka insulini kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko ili lebo isilowe, kisha kopo liingie kwenye chungu cha ndani.
4. Funika kwa kitambaa kilicholoweshwa.
5. Weka kwenye kivuli, mahali upepo unapopita. Ukikifungia kabatini, maji hayatakauka na chungu hakitapoa.
6. Ongeza maji asubuhi na jioni.

Ukiweza kupata kipimajoto kidogo cha chumba, kiweke ndani ya chungu kwa siku mbili tatu na usome saa nane mchana. Ndipo utajua chungu chako kinashusha joto kiasi gani.

Kuna mipaka miwili. Kwanza, chungu hakifiki nyuzi 2 hadi 8. Kinafaa kwa chupa inayotumika, si kwa akiba ya miezi mitatu. Pili, wakati wa mvua hewa huwa na unyevu na chungu hupoza kidogo tu. Kwa chupa za akiba, ulizia zahanati au kituo cha afya cha karibu kama wanaweza kukutunzia kwenye jokofu la dawa, uwe unachukua chupa moja moja.

Utafiti wa Dadaab

Je, joto la siku moja linaua dawa? Si mara zote. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto la nyumbani katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Walikuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga joto hilo maabara kwa wiki 4 kwenye aina mbalimbali za insulini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kuwa nguvu ya dawa haikupungua kwa kiwango cha maana.

Hiyo ni habari njema kwa asiye na friji. Lakini isisomwe vibaya. Wiki 4 si miezi 4, na nyuzi 37 si joto la dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

Sehemu za kuepuka

- Dirishani panapopigwa na jua
- Juu ya televisheni, redio au friji yenyewe
- Karibu na jiko
- Juu ya kabati lililo chini kabisa ya bati
- Mfuko wa suruali au boksi la pikipiki
- Ndani ya gari lililoegeshwa

Ukiwa safarini

Iwe ni basi la Kondoa au Mpwapwa, au treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, insulini ikae kwenye mkoba unaoushika mwenyewe. Usiiweke kwenye begi linaloingia buti ya basi.

Chupa ya chai ni msaada mzuri. Isuuze kwa maji ya baridi, ikaushe, weka dawa ndani na ufunge. Kama unatumia barafu kwenye kiboksi, izungushie taulo ili isigusane na dawa. Anayetumia kalamu aondoe sindano kila baada ya kuchoma, kwa sababu joto likipanda na kushuka dawa huvuja na hewa huingia.

Utajuaje imeharibika?

Insulini ya maji maangavu inatakiwa ibaki angavu. Ukiona ukungu, vipande vinavyoelea au rangi imebadilika, usitumie.

Ile inayofanana na maziwa, ibiringishe taratibu kati ya viganja mara 10. Usiitikise kwa nguvu. Ikichanganyika vizuri iko sawa. Ikiwa na mabonge, au kuta za chupa zikawa kama zimeshika barafu, itupe.

Tatizo ni kwamba insulini inaweza kupoteza nguvu na isioneshe dalili yoyote kwa macho. Kinachosema ukweli ni kipimo cha sukari. Kama unakula vilevile, unachoma dozi ileile, lakini sukari inapanda siku mbili tatu mfululizo, ishuku dawa.

Makosa mawili ya hatari

La kwanza ni kuacha kuchoma. Mtu anasema, "Dawa imepata joto, bora niache hadi nipate nyingine." Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, kukaa bila insulini ni hatari kuliko kuchoma iliyopungua nguvu. Kama iliyopata joto ndiyo pekee uliyonayo, haijaganda na haijabadilika kwa macho, endelea nayo huku ukipima sukari mara nyingi zaidi, na siku hiyohiyo tafuta nyingine.

La pili ni kujiongezea dozi. Mtu anaona sukari haishuki, anapandisha kutoka yuniti 10 hadi 18. Kisha anafungua chupa mpya yenye nguvu kamili na kuchoma yuniti 18 zilezile. Sukari inaanguka, mtu anatokwa jasho, anatetemeka, anaweza hata kupoteza fahamu. Usibadilishe dozi bila kuzungumza na daktari, na ukifungua chupa mpya mwambie kilichotokea kwa ile ya zamani.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kiu kali, kukojoa sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, na usingizi usio wa kawaida. Kwa mtoto, dalili hizi wakati mwingine hudhaniwa ni malaria na muda ukapotea. Ukifika kituoni, sema mapema kuwa mgonjwa ana kisukari na anatumia insulini, na uende na chupa yake. Kwa walio Dodoma mjini, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi huiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Sindano nyingine za homoni

Si kila sindano ya homoni inataka friji. Depo-Provera, ya uzazi wa mpango, hutunzwa kwenye joto la kawaida la chumba. Oksitosini, inayozuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na kuitunza ni kazi ya kituo cha afya. Kwa wodi zenye shida ya ubaridi ipo kabetosini inayohimili joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018.

Kabla ya kuondoka dirisha la dawa

Uliza maswali manne: Hii inatunzwa nyuzi ngapi? Nikishaifungua inadumu siku ngapi? Ni ya maji au ya maziwa? Na ikiharibika, nirudi lini na kwa nani? Mfamasia ana wajibu wa kukujibu. Kama dawa umeikuta kaunta ikiwa ya vuguvugu badala ya kutolewa kwenye jokofu, una haki ya kuuliza imekaa hapo tangu lini.