Randonneuse

Wafaransa huita randonneuse baiskeli ambayo si ya mbio tupu, wala si ya kubeba shehena ya safari. Neno limetoka kwenye randonnée, mwendo mrefu wa starehe, kwa miguu au kwa magurudumu. Mafundi kama Alex Singer, aliyefungua karakana Levallois-Perret mwaka 1938, na René Herse waliiunda kwa mabomba membamba ya chuma: nyepesi ya kupandia milima, lakini ina madigadi, taa na keria ndogo mbele. Ndiyo inayofaa mwendo wa baiskeli wa Paris-Brest-Paris, kilomita 1,200 ndani ya saa 90, usiku ukiwemo.

Anayetafuta ya zamani asiridhike na jina. Wapo wauzaji wanaolibandika kwenye baiskeli yoyote yenye usukani uliopinda. Atazame fremu. Je, kati ya gurudumu na uma pana nafasi ya tairi nene pamoja na madigadi? Karibu na ekseli pana vitundu vya skrubu za kufungia madigadi na keria? Rangi iliyochubuka si neno, ila kutu iliyokula bomba kwa ndani haina dawa rahisi. Mimi ningeichukua hata isiyo na chapa maarufu, mradi vitundu hivyo vipo.