Za moto au za baridi? Plagi, korosho na barabara ya Newala

"Dada, unataka za moto au za baridi?"

Nilidhani ananiuliza soda. Tulikuwa Masasi, saa mbili asubuhi, na Corolla yangu ya zamani ilikuwa na misi tangu Ndanda. Inavuta, inakata, inavuta tena, kama mtu mwenye kwikwi anayejaribu kusoma risala. Mbele yangu kulikuwa na safari ya kupanda Newala kwa mjomba. Fundi alikuwa amezitoa plagi nne na kuzipanga juu ya kitambaa, zote nyeusi kama zimetoka jikoni kwa bibi.

Hizo plagi nilizinunua mwenyewe mjini, kwenye duka ambalo sitalitaja, nikiambiwa ni za iridiamu, zitakaa miaka. Fundi akanionyesha ncha. Iridiamu ya kweli ni sindano nyembamba, chini ya milimita moja, imechomelewa juu ya plagi. Hii yangu ilikuwa nene kama msumari, rangi tu ndiyo iliyokuwa ya bei ghali. "Umeuziwa boksi, dada," akasema. Ndipo akauliza swali lake la moto na baridi, na mimi, mwandishi wa habari mwenye shahada, nikawa sina jibu.

Nimelitafuta jibu tangu siku ile. Kumbe ukiifuata plagi unapitia nusu ya historia ya kusini.

Tuanze 1902, Stuttgart. Katika karakana ya Robert Bosch, mhandisi Gottlob Honold alikamilisha mtambo wa kuzalisha umeme wenye nguvu ya kutosha kuruka pengo dogo kwenye ncha ya plagi na kuwasha petroli. Miaka minne baadaye, 1906, Mjerumani mwingine, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi na kupanda hadi Newala. Alikuja na mashine ya kurekodi sauti na kamera ya kupiga picha za sinema, na nyimbo za watu wetu akazibeba kwenye mitungi ya nta. Vitu vya kisasa kabisa kwa wakati wake. Lakini vyote vilipanda juu kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Vita vya Majimaji vilikuwa bado vinafuka moshi. Kwao Weule injini ilishaanza kuwaka kwa cheche, huku kwetu injini ilikuwa shingo ya mtu.

Hilo halikubadilika haraka. Hata Vita vya Kwanza, majeshi yalipopita Newala kuelekea Ruvuma mwaka 1917, wapagazi ndio walioibeba vita. Magari yalikuja polepole, ya serikali, ya misheni, ya wafanyabiashara, na injini zilizonguruma kwa nguvu kweli zilikuja na ule mradi wa karanga wa Waingereza baada ya 1947, pale Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya Vita vya Pili, vipuri havipatikani, na kufikia 1951 mradi ukafa. Kuhusu karanga yameandikwa mengi, sitayarudia. Ninachotaka uone ni kwamba ukosefu wa kipuri kidogo tayari ulishakuwa sehemu ya maisha ya kusini kabla ya babu zetu hawajamiliki gari hata moja.

Sasa turudi kwenye moto na baridi, maana hapa ndipo pana utamu.

Plagi zote zinatoa cheche ileile. Tofauti iko kwenye kauri, ile sehemu nyeupe inayozunguka waya wa katikati. (Ndiyo, kauri, ndugu yake zile bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. NGK, kampuni ya plagi iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1936, imezaliwa katika ukoo mmoja na Noritake, watengenezaji wa vyombo vya mezani. Waliojua kuchoma sahani ndio waliojua kuchoma plagi.) Kabla kauri haijawa imara vya kutosha, plagi nyingine, hasa za ndege na magari ya mashindano, zilitumia ulanga, na ulanga Wajerumani waliuchimba kwetu, milima ya Uluguru.

Pua ya kauri ikiwa ndefu, joto linachelewa kutoka, ncha inabaki na moto: hiyo ndiyo plagi ya moto. Ikiwa fupi, joto linakimbilia haraka kwenye chuma cha injini: plagi ya baridi. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe. Ikibaki chini ya hapo, inajaa weusi na gari linaanza kwikwi. Ikipanda sana, ikapita 800 na kuendelea, petroli inawaka kabla ya wakati wake na pistoni inaweza kutoboka. Kwa hiyo plagi ya moto kwenye injini inayofanya kazi nzito ni hatari, na plagi ya baridi kwenye injini chovu inayokula oili ni usumbufu wa kila wiki.

Namba ndizo zilizochonganisha watu. Kwenye plagi za Champion, ambazo magari mengi ya Kiingereza yalikuja nazo, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kwenye NGK na Denso za Wajapani, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Yaani kinyume kabisa! Fikiria fundi aliyejifunzia kwenye Land Rover miaka ya sitini, halafu miaka ya tisini anashikishwa boksi la Kijapani. Mzee mmoja wa Newala aliniambia walikuwa wanachagua "kwa kusoma nyuma mbele", na wasiosoma hivyo walitoboa pistoni za watu.

Lakini kati ya sitini na tisini kulikuwa na miaka ambayo hakuna aliyeuliza moto wala baridi. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka. Kipuri kilisubiriwa kupitia RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na mwaka 1983 ukikutwa na boksi la plagi ndani bila maelezo ungeweza kuitwa mhujumu uchumi. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao za nje, na hapo ndipo mlango ulipoanza kufunguka. Kabla ya hapo swali lilikuwa moja tu: ipo?

Na kwenye uwanda wa Makonde swali hilo halikuwa la wenye magari. Wangapi walikuwa na magari? Lilikuwa la korosho.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka kusini. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba mbali, bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, kisha ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua unga mweupe yakakauka kabla ya kushika. Watafiti wa Naliendele walipendekeza salfa, na salfa ya unga inapulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Injini yake ni ndogo, ya mipigo miwili, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Na ina plagi moja tu. Ikifa hiyo, hakuna ya pili ya kukusindikiza nyumbani.

Unga unapulizwa alfajiri, umande ukiwa majanini na upepo haujaamka, kuanzia Juni hivi, na unarudiwa kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo kila kitu kinategemea injini baridi, iliyolowa oili, kukubali kuwaka gizani. Nilikuwa mdogo, nakumbuka mjomba akiing'oa plagi, akiinusa, akiisugua kwa msasa, akiipasha kwenye makaa ya mama mdogo, akiirudisha mbio ikiwa bado ya moto. Kamba inavutwa. Kimya. Kamba inavutwa. Kuna mwaka iligoma siku tatu mfululizo, na aliyekuwa na plagi ya ziada kijijini alikuwa amesafiri kwenda Mtwara. Mikorosho ya upande wa bondeni ikageuka nyeupe. Mwaka ule binamu yangu hakurudi sekondari baada ya likizo. Nyumbani hakuna aliyesema ni kwa sababu ya plagi. Walisema tu mwaka ulikuwa mbaya.

Ndiyo maana pale Masasi swali la fundi lilinigusa zaidi ya alivyokusudia.

Tulichagua pamoja. Iridiamu halisi ni nzuri, inaweza kufika hata kilomita 100,000, na kwa gari jipya sina ubishi. Lakini injini yangu inakula oili kidogo, na iridiamu ikishachafuka huisugui kwa msasa, utang'oa sindano yenyewe. Zile za kawaida, zenye kiini cha shaba na ncha ya nikeli, zinaisha baada ya kama kilomita 30,000, bei yake inavumilika, na fundi yeyote kuanzia hapo hadi Kitangari anazijua. Kuhusu joto, mimi nilitaka za moto zaidi ili ziunguze masizi. Fundi akakataa. "Utapanda mlima wa Newala na mzigo, dada. Weka zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Masizi dawa yake ni kutengeneza injini, si kuchezea plagi." Akapima nafasi ya kila moja, akazifunga kwa mkono kwanza, spana mwishoni.

Gari lilipanda bila kwikwi. Mjomba nilimletea plagi mpya ya mashine yake, NGK, bado kwenye boksi. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za wote, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akavaa miwani, akasoma namba kwa muda mrefu.

"Hii ya baridi, mwanangu," akasema. "Ila ni original." Akaifunga kwenye kipande cha nailoni, akaiweka juu ya kabati karibu na redio, na kesho yake alfajiri nikamsikia nje akiivuta kamba kwa ile plagi ya zamani.