Jina Lililogeuka Kitenzi

Ukisoma magazeti ya Kiingereza hazipiti siku nyingi kabla hujakutana na neno boycott. Wafanyabiashara hutishwa kwalo, serikali hulitumia, na wanafunzi hulitaja wanapoona uji wa asubuhi hauwapendezi. Maneno mengi ya Kiingereza yalitoka katika lugha za kale, wala hakuna ajuaye ni nani aliyeyatamka kwanza. Neno hili si hivyo. Mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana, na mahali pake pa kuzaliwa panajulikana. Tena lilikuwa jina la mtu.

Kwa Kiswahili twasema kususia. Kususa ni kukataa kitu kwa uchungu wa moyo, kama mtoto asusavyo chakula. Lakini kususia, katika mambo ya watu wengi, kuna uzito zaidi: ni mapatano ya kukata shirika na mtu, kampuni au nchi, wasinunue kwake, wasimwuzie, wasimtumikie, mpaka neno wanalolidai litimizwe. Hata mgomo haufanani nalo kabisa. Mwenye kugoma huweka chini kazi yake. Mwenye kususia huweza kuondoa hata salamu yake.

Basi tusafiri mpaka Ayalandi katika karne ya kumi na tisa. Nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mali ya mabwana wachache, ambao wengi wao waliishi mbali na mashamba yao. Mkulima alilima ardhi isiyo yake, akalipa kodi, na aliposhindwa kulipa alifukuzwa pamoja na watoto wake. Kuanzia mwaka wa 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini, na katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa. Mavuno yalipopunguka tena mwaka wa 1879, wazee walioikumbuka njaa ile waliingiwa na hofu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo kiliundwa Chama cha Ardhi mjini Dublin. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Michael Davitt, ambaye jamaa yake walifukuzwa shambani alipokuwa mtoto mdogo. Na rais wake alikuwa Charles Stewart Parnell.

Tarehe 19 Septemba 1880, Parnell alihutubia mkutano katika mji wa Ennis. Aliwauliza watu watamfanyaje mtu atakayelichukua shamba ambalo mwenzake amefukuzwa. Wengine walipiga kelele kwamba apigwe risasi. Parnell akawajibu kwamba iko njia iliyo bora: wamwache peke yake njiani, dukani, sokoni, na hata katika nyumba ya ibada.

Hazikupita siku nyingi shauri hilo likajaribiwa katika wilaya ya Mayo, karibu na ziwa la Mask. Huko aliishi Mwingereza mmoja, Charles Cunningham Boycott, msimamizi wa mashamba ya Lord Erne. Bwana huyo alikubali kupunguza kodi kwa sehemu moja ya kumi. Wakulima walitaka apunguze robo. Walipokataa kulipa, alipelekwa mjumbe mwenye hati za kuwafukuza, na wanawake wakamrudisha kwa kumtupia matope. Baada ya hapo vibarua wa Boycott waliacha kazi, mavuno yakabaki shambani. Dobi alikataa nguo zake, mhunzi alikataa farasi wake, tarishi aliacha kumpelekea barua, na wenye maduka hawakumwuzia kitu. Vitisho vilikuwapo, na nyua zake zilivunjwa. Lakini silaha iliyomshinda ilikuwa upweke.

Mwezi wa Novemba walikuja wanaume wapatao 50 kutoka wilaya za Cavan na Monaghan kumvunia, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Mavuno yenyewe hayakuzidi thamani ya pauni 500, na gharama ya kuyalinda ilifika pauni 10,000 hivi. Kazi ilipokwisha, Boycott aliondoka Mayo. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa wakulima mahakama ya kuamua kodi ya haki.

Na neno je? Mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, alieleza kwamba alikuwa akitafuta neno la kukitaja kitendo kile, akazungumza na padri wa mahali pale, John O'Malley. Lilikuwapo neno moja lenye asili ya Kiyunani, linalotokana na vigae ambavyo watu wa Athens waliandika juu yake jina la mtu waliyetaka kumtoa mjini. Padri aliona wakulima wake hawatalielewa. Akashauri jina la msimamizi lenyewe ligeuzwe kuwa kitenzi. Kabla mwaka wa 1880 haujaisha neno lilikuwa limechapwa katika magazeti ya London, na halafu Wafaransa, Wajerumani na Warusi wakalichukua.

Tangu hapo limesafiri mbali. Katika mji wa Montgomery, Marekani, watu weusi walisusia mabasi yaliyowabagua, wakaenda kwa miguu siku 381, tangu Desemba 1955 hata Desemba 1956. Kenya nayo ilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka wa 1976, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu Nyuzilandi ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Mkimbiaji wetu Mike Boit, aliyepata medali ya shaba mjini Munich mwaka wa 1972, alirudi nyumbani bila kukimbia.

Tazama vema, msomaji, mambo haya yanavyofanana. Vibarua wa Mayo walipoteza ujira wao. Watu wa Montgomery walichosha miguu yao. Mwanariadha alipoteza mbio alizojitayarishia miaka minne. Wote walilipa. Tena silaha hii ina makali pande mbili: kijiji kinachoweza kumtenga mdhalimu chaweza pia kumtenga mnyonge asiye na kosa, kwa wivu au kwa uvumi tu. Kwa hiyo kabla hujalitamka neno hili, jiulize maswali mawili. Je, haki ninayoidai naweza kuieleza mbele ya watu kwa maneno machache? Na gharama yake nitailipa mimi, au nitamtwika mwingine? Usipoweza kujibu, jua kwamba bado hujasusia, umesusa tu.