Nani Ashike Wembe? Historia ya Watu Waliojifunza Kujinyoa Wenyewe

Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi nilijipa mwenyewe. Nilinunua wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini na makali marefu yasiyo na kinga, nikatazama video mbili, nikajiona kinyozi. Dakika tano baadaye nilikuwa na majeraha mawili shingoni na shavu moja ambalo nusu lina ndevu, nusu halina. Nikaenda na wembe huohuo kwa mzee anayenyoa mtaani kwetu. Ulipita kwenye shavu lilelile bila shida yoyote.

Yaani chombo ni kilekile, ngozi ni ileile, lakini matokeo ni mbingu na ardhi. Tofauti ilikuwa mkononi. Na ukifuatilia historia ya wembe utaona kwamba kwa zaidi ya miaka 250 watu wamekuwa wakijaribu kuutoa ustadi huo kwenye mkono wa kinyozi na kuuhamishia kwingine. Hebu tuone ulihamia wapi.

Kitabu cha wanaojifunza

Turudi Paris, mwaka 1769. Wakati huo wanaume wengi wa mijini Ulaya walipenda uso usio na ndevu, na wengi walinyolewa na kinyozi au mtumishi wa nyumbani. Kinyozi hakuwa mtu mdogo. Jijini London, hadi mwaka 1745, vinyozi na wapasuaji walikuwa katika chama kimoja cha ufundi.

Mwaka huo wa 1769 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu kiitwacho *La Pogonotomie*. Jina lake refu linaahidi kumfundisha msomaji sanaa ya kujinyoa mwenyewe. Kwa lugha ya leo, ulikuwa mwongozo wa wanaoanza.

Perret hakuishia kwenye mafunzo. Alieleza pia wembe wenye kinga, na wazo lake lilitokana na randa ya seremala. Umeshaona randa inavyofanya kazi: makali yamefichwa ndani ya ubao, yanachungulia kidogo tu, kwa hiyo hayawezi kuzama kwenye mti kupita kiasi. Ukifanya hivyo kwa wembe, hauwezi kuzama kwenye ngozi.

Hapo tayari tuna njia mbili. Unaweza kuufundisha mkono, au unaweza kukibana chombo kisihitaji mkono uliofundishwa. Perret alipendekeza zote mbili, ila kwa zaidi ya karne moja njia ya kwanza ndiyo iliyotawala.

Fundi saa na chuma kisicho sawa

Sasa, hata mkono mzuri haufai kitu kama chuma ni kibaya. Hapa inabidi tuvuke bahari hadi Uingereza, miongo michache kabla ya kitabu cha Perret.

Chuma cha pua, yaani feleji, ni chuma chenye kaboni kidogo. Wembe wa kizamani huwa na takriban asilimia 1. Mafundi wa wakati ule waliipata kwa kufukia vipande vya chuma ndani ya mkaa na kuvipasha moto kwa siku nyingi. Atomi za kaboni ziliingia taratibu kutoka nje kwenda ndani. Unaona tatizo? Nje kulikuwa na kaboni nyingi, katikati kidogo. Kipande kimoja kilikuwa na sehemu ngumu na sehemu laini.

Aliyekerwa na jambo hili alikuwa fundi saa, Benjamin Huntsman. Alitaka springi za saa zinazoaminika, na springi ya chuma kisicho sawa haiaminiki. Katika miaka ya 1740, karibu na Sheffield, alipata njia ya kuiyeyusha feleji yenyewe ndani ya vyungu vya udongo, kwenye joto la karibu nyuzi 1,600 za Selsiasi. Ikishakuwa majimaji, kaboni inasambaa kote. Ikipoa, kipande chote kinafanana.

Makali ya wembe ni membamba mno kuliko springi, kwa hiyo yanahitaji usawa huo hata zaidi. Sheffield ikawa moja ya miji mikubwa ya nyembe duniani. Hata Michael Faraday, tunayemjua kwa umeme, alifanya utafiti wa feleji pamoja na fundi visu James Stodart, wakachapisha matokeo yao mwaka 1820.

Ujanja ulio kwenye mgongo

Chukua wembe wa kukunja uutazame kwa upande. Mgongo wake ni mnene, makali ni membamba. Unene huo una kazi maalumu.

Ukiulaza wembe juu ya jiwe la kunolea, mgongo na makali vinagusa jiwe kwa pamoja. Unene wa mgongo na upana wa wembe ndivyo vinavyoamua pembe ya makali, kwa kawaida digrii 16 au 17 hivi. Huhitaji kukisia. Na kwa kuwa mgongo nao unaliwa na jiwe kidogo kidogo, pembe inabaki karibu ileile kwa miaka mingi. Fundi aliyeutengeneza aliacha sehemu ya ustadi wake ndani ya umbo, ili mtu wa kawaida aweze kunoa nyumbani.

Ila sehemu tu. Bado mwenye wembe alipaswa kujua jiwe, ukanda wa ngozi, na uso wake mwenyewe.

Kiwanda kinachukua kazi

Mwaka 1895 mfanyabiashara wa Marekani, King Camp Gillette, alipata wazo la wembe mwembamba wa bei rahisi: unatumia, ukiwa butu unatupa. Wazo jepesi, utekelezaji mgumu. Bamba jembamba la feleji likipashwa moto na kupozwa ghafla hujipinda. Aliyelitatua tatizo hilo alikuwa mhandisi William Nickerson, msomi wa chuo cha MIT.

Mwaka 1903, wa kwanza sokoni, kampuni iliuza mashine 51 tu za kunyolea. Mwaka uliofuata ziliuzwa zaidi ya 90,000. Kisha Marekani ikaingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na serikali ikanunua mamilioni ya mashine hizo kwa ajili ya askari wake. Vijana waliorudi nyumbani hawakuwa na sababu ya kujifunza jiwe na ukanda kama baba zao.

Tusiikejeli hatua hiyo. Kila mtu na wembe wake maana yake ni hatari ndogo ya kuambukizana homa ya ini au VVU. Ndiyo maana kwa kinyozi makini leo unaona wembe mpya ukitolewa kwenye karatasi mbele yako. Lakini gharama ipo: tumeacha kujua kwa nini wembe unaisha makali. Tunatupa tu.

Udevu dhidi ya feleji

Na kwa kweli kwa nini unaisha? Ndevu ni laini kuliko feleji kwa takriban mara 50. Mwanafunzi wa uzamivu wa MIT, Gianluca Roscioli, alijinyoa kisha akawa anapeleka nyembe zake kwenye hadubini ya elektroni. Yeye na wenzake walichapisha majibu mwaka 2020 katika jarida la *Science*. Makali hayakuwa yanasagika polepole tu. Yalikuwa yanameguka vipande vidogo sana. Hilo hutokea udevu unapopinda na kuyakuta makali kwa mshazari, tena mahali ambapo muundo wa feleji si sawa, yaani sehemu laini inapopakana na ngumu.

Si unamkumbuka Huntsman? Baada ya karibu miaka 280, adui ni yuleyule: chuma kisicho sawa.

Kama na wewe unalilia wembe

Historia hii ilinisaidia kuliko zile video. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na kemia inawaunga mkono: maji huingia kwenye keratini ya nywele, yanalegeza vifungo vyake, na udevu uliolowa hukatika kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo anza na maji ya moto kiasi na povu zito. Vuta ngozi ikaze. Shika wembe kwa pembe ya karibu digrii 30, fuata ndevu zinakoelekea, kwa miendo mifupi, na usiuburute kwa upande hata kidogo, maana hapo unachanja. Wiki za kwanza nyoa mashavu tu. Shingo na kidevu viachie wembe wako wa kawaida. Kwenye ukanda wa ngozi, mgongo utangulie na makali yafuate. Ukimaliza ukaushe vizuri, kwa sababu feleji hii inashika kutu. Na usimwazime mtu.

Mimi sasa nina miezi minne. Mashavu nayaweza. Shingo bado namwachia mzee.