Fredi Washington

Fredericka Carolyn Washington (23 Desemba 1903 – 28 Juni 1994), aliyejulikana zaidi kama Fredi Washington, alikuwa mcheza dansi, mwigizaji na mwandishi wa habari wa Marekani. Alizaliwa Savannah, Georgia, katika familia ya watu weusi, lakini ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba mgeni angemdhania Mzungu. Hollywood haikujua imfanyie nini mtu wa namna hiyo.

Alifiwa na mama yake akiwa bado mdogo, akalelewa kwa muda na masista huko Pennsylvania, kisha akahamia Harlem, New York. Dansi ndiyo iliyomtoa: alijiunga na kundi la Shuffle Along, onyesho la muziki la watu weusi lililovuma miaka ya 1920. Mwaka 1926 alipanda jukwaani pamoja na Paul Robeson katika tamthilia ya Black Boy, kisha akazunguka Ulaya akicheza dansi. Filamu yake ya kwanza yenye uzito, Black and Tan (1929), ilimweka pamoja na Duke Ellington na bendi yake.

Mwaka 1933 alikutana tena na Robeson katika The Emperor Jones. Wakaguzi wa filamu walihofu kwamba watazamaji wangeona mwanamume mweusi amemkumbatia mwanamke wa Kizungu, basi Washington akalazimika kupakwa vipodozi vya kumtia weusi. Mwanamke mweusi alipakwa rangi ili afanane na mweusi, kwa amri ya watu ambao kazi yao ilikuwa kulinda maadili!

Kanuni za filamu za wakati huo zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya weupe na weusi. Kwa hiyo asingeweza kuwa mpenzi wa nyota wa Kizungu. Kwa upande mwingine, nafasi walizopewa waigizaji weusi zilikuwa za yaya, mpishi na kijakazi, na huko nako alionekana hafai kwa sura.

Imitation of Life (1934), iliyoongozwa na John M. Stahl, ndiyo iliyompa jina. Louise Beavers alicheza Delilah, mjane mweusi ambaye mapishi yake ya chapati za maji yanamtajirisha mwajiri wake wa Kizungu, ilhali yeye anaendelea kumtumikia. Washington alikuwa Peola, binti wa Delilah anayejifanya Mzungu (katika maisha, waigizaji hao wawili walikaribiana umri). Katika onyesho moja Peola yuko kwenye kaunta ya mgahawa, akiwa mtunza fedha, na mama yake anaingia kumtafuta. Peola anamkana mbele ya mwenye mgahawa, kwa sauti kavu, kana kwamba ni mwehu aliyepotea njia. Wasimamizi wa kanuni waliipinga hadithi hiyo tangu ikiwa kwenye karatasi, kwa kuwa kuwapo kwa binti wa rangi hiyo kulikumbusha kwamba weupe na weusi wamekuwa wakizaa pamoja.

Aliigiza vizuri mno, hata baadhi ya watazamaji weusi wakaamini kwamba yeye mwenyewe aliikataa asili yake. Alilikanusha jambo hilo katika magazeti kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba angeweza kupita kama Mzungu na akakataa.

Baada ya One Mile from Heaven (1937), ambamo alicheza mshonaji mweusi anayemlea mtoto wa Kizungu, aliachana na senema. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha chama cha kutetea waigizaji weusi, akawa katibu mtendaji wake. Mwaka 1939 alikuwa Broadway na Ethel Waters katika Mamba's Daughters. Baadaye alihariri kurasa za sanaa katika The People's Voice, gazeti la Harlem lililoanzishwa na shemeji yake, Adam Clayton Powell Jr., na humo aliwashambulia bila woga wazalishaji waliowabana weusi kwenye nafasi za utumishi.

Mwaka 1959 Imitation of Life ilitengenezwa upya. Nafasi iliyokuwa ya Peola alipewa Susan Kohner, ambaye hakuwa mweusi, na akateuliwa kuwania Oscar.