Ray Wood: Goalkipa wa Man U aliyepona ajali ya Munich, akaja kukochi Harambee Stars

Kwa mabanda ya mpira kuanzia Kibera hadi Kawangware, stori za Man U haziishi. Lakini uliza wasee ni nani aliwahi kudakia hiyo timu halafu akakuja kukochi Stars, wengi watakuangalia tu. Jibu ni Ray Wood.

Alitoka wapi?
Alizaliwa 1931 huko Hebburn, kaskazini mwa Uingereza. United ilimtoa Darlington 1949. Alidaka mechi 208, akabeba ligi mara mbili mfululizo, 1956 na 1957, na timu ya taifa ikamchezesha mara tatu.

Fainali iliyomwumiza
FA Cup ya 1957, dakika ya sita, Peter McParland wa Aston Villa alimgonga akamvunja mfupa wa shavu. Enzi hizo sabu hazikuwa zinaruhusiwa. Jackie Blanchflower, ambaye ni beki, akaingia golini. Wood naye akarudi uwanjani kucheza winga hivyo hivyo akiwa ameumia. Villa walishinda 2-1, na zote mbili zilifungwa na McParland.

Munich
Desemba hiyo United wakanunua Harry Gregg, Wood akaanza kula benchi. Bado alikuwa kwa ndege iliyoanguka Munich Februari 6, 1958. Watu 23 waliaga, 8 wakiwa wachezaji. Wood alitoka na majeraha, akachezea United mechi moja tu tena, halafu akaenda Huddersfield.

Kenya iliingia aje?
Baada ya kustaafu, Wood alizunguka dunia akikochi: Cyprus, Kuwait, na katikati ya miaka ya 1970, Kenya. Stars ya enzi hizo haikuwa ya mchezo. 1975 walibeba kombe la CECAFA kule Zambia.

Alituachia nini?
Wood alikuwa mmoja wa makocha wa nje walioshika Stars miaka ya kwanza baada ya uhuru, kama Mjerumani Eckhard Krautzun. Baadaye kazi ikapewa Mkenya, Marshall Mulwa, na akabeba CECAFA mara tatu mfululizo: 1981, 1982 na 1983. Hakuna kocha wa nje amewahi kutufanyia hivyo.

Wood aliaga 2002. Mtaani kila mtoi anajua Ferguson. Wood na Mulwa walikaa kwa benchi yetu, na majina yao hayatajwi. Next time mkibishana kwa base, anzia hapo.