Ua Ndio Uliua Njia ya Nyumbu
Tukiongea kuhusu Mbuga ya Nairobi, wasee wengi hutaja reli ya SGR iliyopitishwa juu yake. Sawa, lakini rudi nyuma kidogo. Mbuga ilipofunguliwa 1946, upande wa kusini uliachwa bila ua. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia walitoka kwenda malisho ya Kitengela, na yale ya Kapiti huku kwetu Machakos. Halafu zikaja ploti, kila moja na waya wake, na nyumbu wakapungua sana. Mwaka 2000 wenye mashamba walianza kulipwa dola 4 kwa eka kila mwaka wasiweke ua. Hiyo itashindana aje na bei ya ploti? Sisi wa Kithyoko tukianza kukata mashamba, tuchore njia za wanyama kwanza, ndio tuite madalali.